Mahali Maji Yanapolala

Kabla hamjagusa pampu yoyote, vijana wangu, vuteni kigoda mkae mbele ya kioo. Msipime. Msiandike. Tazameni samaki ameelekeza wapi kichwa, na tazameni uchafu unatua wapi. Nilisomea shahada ya pili kabla ya kulijua jambo hili dogo, kwa hiyo naona haya kidogo kuliandika kana kwamba ni langu. Si langu. Nililipata kwa mhunzi mmoja aliyekuwa hajawahi kufuga samaki hata mmoja, na ambaye hadi siku tuliyoagana aliamini kwamba samaki mbichi hafai kuliwa na mtu mwenye akili timamu.

Katika miaka ya sabini nilipangiwa kazi Kasulu, kwenye kituo kidogo kilichofundisha wanavijiji kuchimba na kutunza mabwawa. Wanafunzi wetu walikuwa wakulima, wengi wao wakitoka Makere na vijiji vya Kibondo. Samaki walimjua akiwa mkavu tu: dagaa aliyepanda milima ndani ya gunia, macho yamekauka, mwili umepinda. Mkuu wa kituo, Bi Mwanahawa, mwenyeji wa Pangani aliyehamishiwa nyanda hizo za baridi na koti moja tu, aliona kwamba hapo ndipo penye kikwazo.

“Mtu hawezi kufuga kitu ambacho hajakiona kikipumua,” aliniambia siku niliporipoti. “Wanafunzi wangu wanadhani samaki anazaliwa na chumvi yake. Nijengee tangi, msomi. Kubwa. Lenye kioo.”

Nikalijenga. Lilikuwa la saruji, urefu hatua saba, upana hatua tatu, kina cha kufika kitovuni. Kioo tulikitoa kwenye lori lililopinduka, tukakiziba kingo kwa nta ya nyuki waliyoileta wanafunzi wa Kibondo. Kila alasiri ya jua kali nta ililegea na kioo kikatoa jasho. Tukakaa nacho hivyo hivyo kwa miaka. Ndani tulipanga mawe tuliyoyaokota ufukweni Kigoma, na baina ya mawe tukaweka samaki kumi na wanane wa miambani, wale wadogo weusi wenye mshipi wa manjano, ambao hukwangua ukoga juu ya mawe mahali wimbi linapopiga.

Samaki hao wana tabia mbili ambazo mnapaswa kuzielewa, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata. Kwanza, wamezoea maji yanayokwenda na kurudi mchana kutwa, maji yenye hewa nyingi. Pili, jike hulea watoto mdomoni. Hubeba mayai, kisha vifaranga, kwa majuma manne hivi, na kwa muda wote huo hufumba kinywa chake karibu kabisa. Akiogopa sana au akikosa pumzi, huwatema kabla ya wakati wao.

Mtu angeweza kuuliza, na wengi waliuliza, kwa nini tusielekeze kijito kilichopita nyuma ya kituo kikaingia upande huu na kutokea upande ule. Maji ya ziwa ni magumu, yana chumvi nyingi za mawe. Maji ya vijito vya Kasulu ni laini, mazuri mno kwa kupikia chai na kufulia kwa sabuni. Samaki wa ziwa akitumbukizwa humo hudhoofika. Tulikuwa na maji yaleyale tuliyoyapandisha kwa mapipa kutoka ziwani, na kazi yetu ilikuwa kuyafanya yatembee bila kuyabadilisha.

Sasa nieleze jambo ambalo wakati ule sikumweleza mtu.

Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni ng'ambo bila shahada. Kwa miaka miwili nilifuga samaki katika tangi la chuo kwa ajili ya tasnifu yangu. Nilikokotoa mwendo wa maji kwa uangalifu mkubwa, na hesabu zilikuwa sahihi. Nimezirudia mara nyingi tangu hapo na bado ni sahihi. Lakini hesabu ya tangi zima haisemi chochote kuhusu kona moja. Nyuma ya rundo la mawe palikuwa na mahali maji yalipolala. Uchafu ukajikusanya hapo, ukaoza polepole. Asubuhi moja nilisogeza mawe ili nisafishe, uozo ukachanganyika na maji yote, na kabla ya adhuhuri sikuwa na samaki. Profesa wangu alinishika bega. Hakunilaumu. Pengine angenilaumu ningepona haraka zaidi.

Basi nilifika Kasulu na sanduku lenye tasnifu iliyopigwa taipu, kurasa mia mbili na kitu, isiyo na sura ya mwisho. Na katika mfuko wa shati nilikuwa na barua ya kuacha kazi, niliyoiandika kwa wino na kuiacha bila tarehe. Nilijiwekea sharti. Katika siku za ndoo nitakazozieleza, jike mmoja alianza kuonekana amebeba, kidevu kimejaa kama cha mtu aliyeficha karanga. Wanafunzi walimpa jina la Mama Kimya. Nilijiambia hivi: Mama Kimya akiwafikisha watoto wake, ninabaki. Akiwapoteza katika tangi nililolijenga mimi, ninaweka tarehe kwenye barua.

Mwanzoni tulikuwa na pampu ya petroli. Niliiweka kwenye kona moja, ikarusha maji kwa nguvu hadi ukuta wa pili. Nilijivunia mkondo ule. Kisha petroli ikaadimika, ikawa inatoka kwa kibali, na kibali kilikwenda kwanza kwa gari la wagonjwa, kama ilivyostahili. Pampu ikanyamaza. Vibarua wakawa wanachota maji kwa ndoo upande mmoja na kuyamimina kutoka juu upande wa pili. Samaki walikufa mmoja mmoja hadi wakabaki kumi.

Miongoni mwa vibarua hao alikuwamo Zakaria. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya cheche. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Burundi na mkewe na watoto watatu, na kila aliyemjua alijua pia kisa cha mzigo wake, kwa sababu mkewe hakuacha kukisimulia.

“Wenzetu walikimbia na sufuria,” alikuwa akisema mama yule. “Mume wangu amekimbia na ngozi za mbuzi! Mbili! Tukifika tunapika nini, ngozi?”

“Ego, ndiyo, ngozi,” Zakaria alijibu. “Sufuria nitakutengenezea. Ngozi hizi zilikuwa za baba, nani atanitengenezea?”

Ngozi zenyewe zilikuwa mivukuto ya kufulia chuma. Hakuwa na kiwanja wala makaa ya kutosha kufungua kiwanda cha uhunzi, hivyo alibeba ndoo.

Siku moja nilikuwa nimeketi kando ya tangi na karatasi magotini, nikigawanya ujazo kwa ndoo na ndoo kwa saa. Zakaria aliweka ndoo chini, akasimama mbele ya kioo kwa muda mrefu.

“Bwana Samaki, mbega, hesabu inasemaje?” Mbega ni neno la Kirundi la kuanzia swali.

“Inasema maji yanatosha.”

“Hawa je, wanasemaje?”

Sikumwelewa. Akachovya kidole majini, akaonyesha. Samaki wote walikuwa wamejibana upande mmoja, chini ya mahali ndoo zilipomiminwa. Upande wa pili, nyuma ya jiwe kubwa, tope la kahawia lilikuwa limetanda kama blanketi. Nililiona, vijana wangu. Ilikuwa kona ileile ya tangi la chuo.

“Ukivukuta upande mmoja tu,” Zakaria akasema, “moto unakula makaa ya upande mmoja. Chuma kinaiva huku, kule kibichi. Ndiyo maana mivukuto ni miwili. Huu ukitoa pumzi, mwenzake anavuta. Moto haujui upepo unatoka wapi, basi unawaka wote.”

“Maji si moto, Fundi.”

“Oya, hapana, si moto. Lakini yamelala. Na kilicholala huamshwa kwa kusukumwa huku na huku. Hata mtoto wako, ukimsukuma upande mmoja tu, si ataanguka kitandani?”

Bi Mwanahawa, aliyekuwa akipita na birika lake la chai, alicheka hadi akalazimika kuliweka chini. “Mwajirini huyu awe mwalimu,” akasema, “na msomi wangu abebe ndoo.”

Kazi ilituchukua siku nne, nami nitawaeleza jinsi tulivyoifanya kwa sababu kanuni yake haijazeeka. Tulichukua mianzi minene miwili, tukatoboa vifundo vyake, tukaisimamisha kwenye kona zinazokabiliana, miguu ikifika karibu na sakafu na midomo ikitokea chini kidogo ya uso wa maji. Ndani ya kila mwanzi mnene tulipitisha mwanzi mwembamba unaoleta pumzi ya mvukuto. Povu linapopanda ndani ya mwanzi, hubeba maji ya chini na kuyatema juu. Mimi, kwa kiburi cha kitabu, niliamuru hewa iteremshwe hadi sakafuni. Ngozi ilivimba kama chura, Zakaria akatoka jasho, na hakuna povu hata moja lililotoka. Pumzi ya ngozi haiwezi kushinda uzito wa maji ya kina kile. Tulipoipandisha hadi shubiri mbili tu chini ya uso, mwanzi ulikohoa, ukanguruma, ukaanza kutema.

Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Nilinyunyiza konzi ya pumba za mahindi ili nione njia ya maji, na pumba zilikwenda, zikasita, zikarudi, zikaingia nyuma ya jiwe kubwa na kutoka upande wa pili. Tuliyainua mawe yote juu ya vijiwe vitatu vitatu, kama chungu jikoni, ili maji yapite chini yake, na tukaacha upana wa kiganja kati ya mawe na ukuta. Pumba zikipita, uchafu utapita. Hadi leo, mahali penye pampu za umeme zinazojizima na kujiwasha zenyewe, mimi hubeba pumba mfukoni.

Lakini palikuwa na jambo moja. Zakaria hakukubali kuvukuta bila moto. Baba yake alimkataza: mvukuto usipumue mbele ya meko baridi. Sikubishana naye. Aliweka kaa jekundu juu ya kigae, kando ya ngozi zake, akaanza kazi akiwa ametulia, na vibarua wengine waliposhika zamu waliambiwa walitunze kaa lile.

Juma moja lilipita. Tope lilitoweka. Samaki walitawanyika tangi zima, na Mama Kimya akachagua makao yake katikati, mahali ambapo mikondo miwili ilikutana na kupunguziana ukali. Nilianza kusahau mfuko wangu wa shati.

Kisha likaja kosa letu. Nasema letu. Ngozi zilikuwa zimekauka kwa kukaa zimekunjwa muda mrefu, nazo zilianza kutoa mlio wa kupasuka. Kwao Zakaria zililainishwa kwa samli. Samli hakuwa nayo, jirani akampa mawese. Asubuhi ile alizipaka ndani na nje, kwa ukarimu wa mtu anayempaka mtoto mafuta siku ya ubatizo. Mnajua mawese katika baridi ya Kasulu: huganda, hutulia palepale unapoyaweka. Sisi tukazipachika ngozi, tukaweka kaa kwenye kigae chake kama kawaida, tukamwachia kibarua wa zamu avukute, na tukaondoka kwenda kuwapokea wanafunzi wapya. Kaa likazipasha ngozi joto. Mawese yakayeyuka. Na kila pumzi, kulia na kushoto, ikayapuliza ndani ya tangi.

Niliporudi, uso wote wa maji uling'aa rangi ya dhahabu. Mafuta yakitanda juu ya maji, hewa haiingii. Samaki tisa walikuwa juu wamepanua vinywa. Wa kumi, Mama Kimya, naye alikuwa juu pamoja nao, mashavu yanapiga haraka haraka, lakini kinywa amekifumba.

“Atawatema,” nikasema. “Au atakufa.”

Zakaria alisimama na mikono yake yenye mafuta imening'inia. “Nimewaua,” alisema taratibu. “Bwana Samaki, mimi na moto wa baba.”

Nami, badala ya kumjibu, nilikuwa nakokotoa. Nilikuwa nimetoa kalamu. Eneo la uso wa maji, unene wa utando, kiasi cha maji ya akiba katika mapipa. Ninawaambia ukweli huu kwa sababu baadhi yenu mna ugonjwa huo; nawafahamu kwa namna mnavyoshika kalamu.

“We msomi!” Bi Mwanahawa alinipigia kelele. “Hesabu baadaye! Nyumbani tukikaanga bajia tunaziweka juu ya nini?”

“Juu ya nini?”

“Juu ya karatasi, mwanangu! Karatasi inakunywa mafuta! Lete karatasi!”

Kituoni palikuwa na daftari moja la mahudhurio, limeandikwa kwa wino na kujaa. Gazeti lilitufikia mara moja moja, nalo lilikuwa limekwisha zamani kwa kufungia tumbaku na karanga. Nilisimama nikitazama mlango wa chumba changu kwa muda ambao ulionekana kwangu mrefu sana, ingawa Bi Mwanahawa alidai baadaye kwamba nilikimbia.

Nililiburuta sanduku hadi kando ya tangi. Herufi za taipu haziyeyuki upesi majini. Hilo nililifikiria, hata wakati ule. Nikatoa ukurasa wa kwanza, nikaulaza juu ya maji kwa upole, nikauacha unywe, nikaunyanyua kwa pembe mbili. Ulitoka umegeuka wa manjano, mzito, na nyuma yake maji yakafunguka meusi na safi, upana wa karatasi moja.

“Hivi,” nikasema. “Ulazeni, msiuzamishe.”

Tukazunguka tangi, sote watatu na wanafunzi wapya ambao hawakujua bado majina yetu. Sura ya kwanza. Sura ya pili, yenye majedwali niliyoyapiga taipu mara tatu ili mistari inyooke. Kulaza, kunyanyua. Zakaria alichukua ukurasa, akasita nao mkononi. Alikuwa akijua kusoma kidogo.

“Huu una majina ya watu.”

“Ni shukrani. Nimewashukuru walionisaidia.”

“Nao pia?”

“Nao pia, Fundi. Wasaidie tena.”

Akaulaza majini kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa wake kitu. Tulipofika sura ya nne, samaki wa kwanza alifumba kinywa na kushuka. Kurasa zilipobaki chache, uso wa tangi ulikuwa ukionyesha mawingu. Mama Kimya alishuka wa mwisho, akarudi mahali pake kati ya mikondo miwili. Kidevu chake kilikuwa bado kimejaa.

Tuliosha mianzi kwa majivu, tukazikausha ngozi kwa pumba. Kuhusu kaa, Zakaria alifikiri sana, kisha akaliweka nje ya banda, mlangoni. “Mivukuto itauona moto kwa mbali,” alisema. “Baba hakutaja umbali.”

Siku ya kumi na moja baada ya mafuta, jua likiwa limepanda, mwanafunzi mmoja wa kike kutoka Kibondo alituita bila kupaza sauti, kama mtu anayeita kanisani. Tulikuta Mama Kimya amekaa tuli, ameelekea mkondo. Akafungua kinywa. Kitu kidogo kama punje ya mahindi yenye mkia kilitoka, kikapepesuka, kikasimama majini. Kisha cha pili. Kibarua wa zamu, kwa mshangao, aliacha kuvukuta. Maji yakatulia, na papo hapo vitoto vyote viwili vikarudi mdomoni.

“Vukuta, wee!” Bi Mwanahawa akanong'ona. “Nani amekuambia usimame?”

Kulia, kushoto. Kinywa kikafunguka tena. Tulihesabu saba. Zakaria, ambaye kioo kilikuwa kimemtia jasho usoni, au aliniambia hivyo, aliuliza bila kunitazama: “Mbega, naye mama yao anawahesabu?”

“Nadhani,” nikasema. Sikuwa na uthibitisho wowote, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi ng'ambo, sikuutafuta.

Mwaka uliofuata Zakaria alipata kiwanja Makere. Alikuwa ametushonea mivukuto mingine kwa ajili ya tangi, hivyo ngozi za baba yake zilikwenda naye. Siku ya kuwasha moto wa kwanza alituma ujumbe kwamba niende na kitu cha kuwashia, “zile karatasi zako, Bwana Samaki, zilizolewa mafuta.” Nilikuwa nimezianika na kuzitunza; sijui kwa nini. Nikazipeleka zote kwa baiskeli.

Alizipanga chini ya makaa moja moja. Mkewe alisimama nyuma yake na sufuria mpya kabisa, ya kwanza, akiikagua kitako kama mtu asiyeamini. Kurasa zilipokwisha, palibaki pengo dogo upande wa kushoto.

Nikaingiza mkono mfukoni, nikampa ile barua isiyo na tarehe. Aliigeuza, akaipapasa kwa kidole gumba.

“Hii haina mafuta,” alisema.

“Itawaka hivyo hivyo.”

Akaitia mahali pake, akapiga magoti kati ya ngozi mbili za baba yake, akaanza. Kulia. Kushoto.